Nipunguze kilo 20 kwanza, au nianze dawa sasa?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na kazi yangu ni ya ofisini kule Mtumba. Nimeolewa miaka minne sasa na sijawahi kushika mimba. Hedhi yangu huja baada ya siku 45 au 50, na mwaka jana miezi mitatu ilipita bila kuona kitu. Nilipigwa utrasaundi nikaambiwa nina PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi. Nina urefu wa sentimita 158 na uzito wa kilo 88. Daktari niliyemwona alisema nipunguze kwanza kilo 20 ndipo nirudi anipe dawa. Nimehangaika miezi saba, nimepungua kilo 3, na moja imesharudi. Mawifi wameanza maneno. Mume wangu ana mtoto aliyempata kabla ya kunioa, kwa hiyo tatizo ni langu. Je, ni kweli siwezi kutibiwa mpaka nipungue?

Jibu: Dada yangu, hapana. Uzito una nafasi yake katika tatizo lako, na nitaieleza bila kuikuza wala kuificha, lakini kwa mwanamke wa umri wako mwenye historia kama hii, mimi ningeanza vipimo sasa, kisha dawa ya kupevusha mayai mara majibu yatakapokuwa sawa, huku kazi ya kupunguza uzito ikiendelea sambamba na matibabu. Mwakani unatimiza miaka 35, na uwezo wa mayai hupungua kwa kasi zaidi kuanzia umri huo. Miezi saba uliyokwisha kusubiri ni mingi ya kutosha.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu jina lake limewatisha wengi na wengine wamefikia kuomba wapasuliwe. Vile vinavyoonekana kwenye utrasaundi si uvimbe wa kuondolewa. Ni vifuko vidogo, kila kimoja kikiwa na yai changa ndani yake, ambavyo vilianza kukua vikakwama njiani, na mara nyingi hujipanga pembezoni mwa ovari kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kwa hiyo ovari zako hazina upungufu wa mayai. Zina mayai mengi yasiyofikia hatua ya kupevuka na kutoka. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza hali hii mwaka 1935 walipoandika kuhusu wanawake saba, na leo Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanayo, wengi wao bila kujua. Picha ya utrasaundi peke yake haitoshi kumpa mtu jina hilo. Tunatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi zinazochelewa au kupotea, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, nywele za utosini kupungua, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi. Wewe unayo ya kwanza na ya tatu. Hata hivyo, kabla ya kukubali, ni lazima upimwe tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, kwa sababu zote mbili zikivurugika huweza kuchelewesha hedhi vilevile, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Sasa uzito unaingiaje? Njia kuu ni insulini, homoni inayotolewa na kongosho ili sukari iliyo kwenye damu iingie katika misuli na ini. Kwa wanawake wengi wenye PCOS mwili huwa mgumu kuisikia insulini, na kongosho hujibu kwa kutoa nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Ovari, kwa bahati mbaya, zenyewe huendelea kuisikia vizuri. Insulini ikizidi, huzichochea zitengeneze homoni nyingi za kiume, na wakati huohuo hulifanya ini lipunguze ile protini ambayo kwa kawaida huzibeba homoni hizo zikiwa zimefungwa. Homoni za kiume zinazobaki huru huongezeka, vifuko vinakwama, yai halitoki, na hedhi haiji kwa wakati wake. Mafuta ya tumboni huuzidisha ugumu huo wa mwili dhidi ya insulini, na insulini nyingi nayo hurahisisha kuhifadhi mafuta. Hapo ndipo mgonjwa anapojikuta anakula kama dada yake na bado anaongezeka kuliko yeye. Nakueleza haya ili ujue kwamba kilo 2 zilizobaki baada ya miezi saba ya juhudi si ushahidi wa uvivu, ingawa najua mzani wa duka la dawa hauna lugha nyingine zaidi ya namba. Ujue pia kwamba wapo wagonjwa wangu wembamba kabisa wenye PCOS ile ile. Uzito huichochea hali hii, lakini hauianzishi peke yake.

Turudi kwenye zile kilo 20. Kwa urefu na uzito wako, uwiano wa uzito na urefu, ule ambao manesi huuita BMI, ni takribani 35. Ukipungua kilo 20 utafika 68, na uwiano wako utakuwa kama 27. Hilo ni lengo zuri la maisha, lakini sijui sababu yoyote ya kitabibu ya kulifanya kuwa sharti la vidonge. Kinachojulikana ni kwamba wanawake wengi wenye PCOS na uzito mkubwa huanza kuona hedhi za karibu zaidi, na baadhi hupevusha mayai bila dawa, wakipungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wao. Kwako wewe hiyo ni kati ya kilo 4.4 na 8.8. Nadhani agizo ulilopewa limetokana na mipaka inayotumika kwenye upandikizaji mimba, ile huduma ya kutoa mayai kwa sindano na kuyarutubisha maabara. Kule Uingereza, kwa mfano, maeneo mengi yanayogharimiwa na serikali hayamkubali mwanamke mwenye uwiano unaozidi 30. Huko zipo sababu zinazoeleweka, kwa kuwa mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ovari huwa ngumu kuzifikia. Kumeza kidonge kwa siku tano hakuhitaji usingizi wala sindano, na kuuhamishia mpaka huo kwenye vidonge ni kumfungia mgonjwa mlango ambao haukuwa na kufuli.

Swali hili la kusubirisha au kutosubirisha limefanyiwa utafiti. Mwaka 2016 kulichapishwa matokeo ya utafiti wa Uholanzi uliohusisha wanawake 577 waliotafuta mtoto, wenye uwiano wa 29 na kuendelea. Hawa si wote waliokuwa na PCOS, ila wengi walikuwa na matatizo ya kupevusha mayai. Nusu yao waliwekwa kwenye mpango wa miezi sita wa chakula na mazoezi kabla ya matibabu, na nusu wakaanza matibabu moja kwa moja. Baada ya miaka miwili, waliojifungua kwa njia ya kawaida mtoto mmoja mwenye afya, aliyetimiza miezi yake, walikuwa asilimia 27.1 katika kundi lililosubiri na asilimia 35.2 katika kundi lililotibiwa mara moja. Waliosubiri walipungua kwa wastani wa kilo 4.4, ambayo kwako ni asilimia 5 kamili. Ila liko jambo moja ambalo wanaopinga kupunguza uzito hulipita haraka: katika kundi hilo hilo lililosubiri, walioshika mimba wenyewe bila dawa walikuwa wengi zaidi, asilimia 26.1 dhidi ya 16.2. Kwa maana nyingine, kupungua kulisaidia, na kusubiri kulidhuru. Mimi ninachochukua hapo ni kwamba mambo haya mawili yasifungwe kamba moja. Punguza, lakini usisubiri.

Na dawa je, zinafanya kazi kwa mwenye kilo 88? Mwaka 2014 huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 750 wenye PCOS, uliolinganisha dawa mbili za kupevusha mayai, letrozoli na klomifeni, kwa mizunguko isiyozidi mitano. Waliojifungua mtoto hai ni asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Wastani wa uwiano wa uzito na urefu wa wanawake wale ulikuwa takribani 35, yaani ni wanawake wenye umbo kama lako, na hawakuambiwa warudi wakishapungua kilo 20. Tangu hapo letrozoli ndiyo dawa ya kwanza katika miongozo ya kimataifa, ingawa klomifeni bado inatumika sana kwa sababu wengi wameizoea.

Nikueleze letrozoli inavyotumika, usije ukashtuka. Ukifungua karatasi iliyo ndani ya boksi utasoma kwamba ni dawa ya saratani ya matiti. Ni kweli, huko ndiko ilikoanzia, na mgonjwa wangu mmoja aliwahi kunipigia simu akilia akidhani nimemficha ugonjwa. Dawa hii hushusha homoni ya kike, estrojeni, kwa siku chache, ubongo ukaona upungufu huo na kutuma ishara kali zaidi kwa ovari, na kifuko kimoja kikapata nguvu ya kukua hadi mwisho. Humezwa kwa siku tano, kwa kawaida kuanzia siku ya tatu ya hedhi, miligramu 2.5 kwa siku, na daktari anaweza kupandisha hadi 5 na kisha 7.5 mizunguko inayofuata ikiwa yai halijatoka. Kwa kuwa hedhi yako huchelewa, huenda ukapewa kwanza vidonge vya projesteroni (homoni ambayo mwili huitoa yai likishatoka) ili hedhi ije. Kabla ya kila mzunguko pima mkojo kuhakikisha huna mimba, kwa sababu dawa hii haifai kumezwa na mjamzito. Yai mara nyingi hutoka kati ya siku 5 na 10 baada ya kidonge cha mwisho, na hapo kukutana na mume kila baada ya siku moja au mbili kunatosha. Hakuna haja ya ratiba ya kijeshi ambayo imevuruga ndoa nyingi. Kama wiki moja baada ya siku inayodhaniwa kuwa ya yai, damu hupimwa projesteroni kuona kama kweli limetoka. Mzunguko wa kwanza au wa pili ni vizuri ufuatiliwe kwa utrasaundi. Vidonge vikishindwa, zipo sindano za gonadotropini (homoni za kuzichochea ovari), upasuaji mdogo wa tundu kwenye ovari, na mwisho upandikizaji. Ovari za PCOS huitikia sindano kwa pupa, zikaweza kuvimba na kujaza maji tumboni, ndiyo maana sindano hizo hazitolewi na mtu asiye na utrasaundi karibu naye.

Metformini, kidonge cha kisukari, ina faida kwa sukari na kwa baadhi ya wanawake husaidia hedhi, lakini ikitumiwa peke yake ni dhaifu katika kuleta mtoto kuliko dawa za kupevusha mayai. Ukipewa, anza na kiwango kidogo pamoja na chakula, kwa kuwa huharisha. Zile sindano za kupunguza uzito zinazotajwa sana mitandaoni, kama semaglutide, hazifai kutumika wakati unatafuta mimba; hutakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla.

Sasa nije kwa mume wako, na hapa nitasema kwa msisitizo. Mtoto aliyepatikana kabla ya ndoa yenu hathibitishi hali ya mbegu za leo. Maradhi, joto, sigara, pombe, uzito wake mwenyewe na miaka iliyopita vinaweza kuwa vimebadilisha mambo. Kipimo cha shahawa ni cha bei nafuu kuliko vyako vyote. Anahitaji kukaa bila tendo kwa siku 2 hadi 7 kisha atoe sampuli. Mimi siandiki letrozoli kabla ya kuliona jibu hilo, kwa sababu nimeshuhudia mwanamke akimeza vidonge mizunguko sita wakati tatizo lilikuwa upande wa pili wa kitanda. Uliposema «tatizo ni langu» ulitoa hukumu kabla ya ushahidi, na nadhani mawifi ndio waliokuandikia hukumu hiyo. Mirija yako ya uzazi nayo ipigwe picha yenye dawa ya kuonyesha kama iko wazi, hasa kama umewahi kuugua maambukizi ya nyonga.

Usidhani kwamba nimeuweka uzito kando. Ninaohofia zaidi ni ujauzito wenyewe. Mwanamke mwenye PCOS na uwiano wa 35 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, mimba kuharibika, na kujifungua kwa upasuaji. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote pima shinikizo, na pima sukari kwa njia ya kunywa glukosi gramu 75 na kutolewa damu tena baada ya saa 2, kwa kuwa sukari ya asubuhi pekee huweza kuonekana nzuri huku tatizo lipo. Kama sukari au shinikizo vitakuwa juu, hapo nitakuwa wa kwanza kukuambia tutulie, tuvidhibiti, ndipo tuendelee. Anza pia asidi ya foliki sasa hivi; kwa wenye uzito kama wako madaktari wengi huandika miligramu 5 badala ya kiwango cha kawaida cha 0.4.

Kuhusu chakula, hakuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine kwa PCOS, kwa hiyo usinunue chai za kukausha tumbo wala orodha za vyakula vya Ulaya. Niambie asubuhi yako ya Mtumba ikoje. Wengi ninaowauliza hunijibu hivi: chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili kwa mama lishe, saa nne soda na andazi, mchana wali na nyama ya kukaanga, jioni foleni, na usiku chipsi mayai kwa sababu mtu amechoka. Kwenye orodha hiyo mimi huanza na vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kubeba sukari ya vijiko 9, na ukiongeza vikombe vitatu vya chai umefikia 18 kabla hujala chochote. Kuondoa hivyo peke yake, bila kugusa sahani, kumewapunguzia baadhi ya wagonjwa wangu kilo mbili tatu. Baada ya hapo huja mafuta. Alizeti ni zao letu na tunajivunia, lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina takribani kalori 120, na mlo wa kukaanga hubeba vijiko kadhaa. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda na maharage, ambao vijana wa ofisini wameanza kuuona ni chakula cha kijijini, ni mlo mzuri kwako, mradi tonge la ugali lisizidi ngumi mbili na mlenda usijazwe karanga mpaka uwe mzito kama uji. Na zabibu za Dodoma? Kula kiganja kimoja, tafuna na maganda yake. Juisi yake waachie wageni.

Mazoezi lengo lake ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa jua la Dodoma, fanya kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, na kama barabara ya Nkuhungu ina vumbi, zunguka hata uani. Faida yake kwa insulini huja hata mzani usiposogea. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwenye mzani ule ule. Mzani wa kila duka ni hadithi nyingine. Kama mumeo anasema unakoroma sana na unaamka umechoka, mweleze daktari, kwa kuwa kukatika pumzi usingizini ni jambo la kawaida katika hali hii na huongeza ugumu wa insulini.

Jambo moja la usalama, ambalo halihusiani na kutafuta mtoto. Usikae zaidi ya miezi mitatu bila hedhi ukidhani ni nafuu. Utando wa mfuko wa uzazi ukijengeka muda mrefu bila kumwagika huweza kubadilika vibaya, na baada ya miaka hata kuwa saratani. Daktari atakupa vidonge vya kuishusha hedhi. Dawa za mitishamba za «kusafisha kizazi» hazifanyi kazi hiyo, na zile za kuingiza ukeni zinaweza kukuunguza na kukuletea maambukizi yanayoziba mirija iliyokuwa mizima.

Nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Hapa Dodoma wapo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa na katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na unaweza pia kurudi kwa yule yule wa kwanza ukipenda. Nenda na mumeo. Beba karatasi ya utrasaundi, na tarehe za hedhi zako za mwaka mzima ulizoandika kwenye daftari au simu, maana hizo zitamweleza daktari mengi kuliko maneno. Akikuambia tena kilo 20, muulize kwa adabu: kilo hizi ni kwa ajili ya vidonge, au kwa ajili ya upandikizaji? Na kama sukari na shinikizo vyangu viko sawa, tunasubiri nini?